Mama, Fungua Kinywa

Mama mkwe wangu alianza kukohoa mwaka ambao wakimbizi walijaa mjini, hata kwenye foleni ya bomba ukasikia Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kibembe kwa pamoja. Sisi wa nyumbani hatukushtuka. Alikuwa mpishi wa mawese, na mtu anayekaa mbele ya pipa la chikichi linalochemka, moshi wa kuni mbichi ukimpiga usoni tangu asubuhi, akikohoa hashangazi mtu. Tulimpa tangawizi. Tulimpa asali iliyotoka Kalinzi. Tulimwambia ahamie upande unakotokea upepo. Akahama, na kikohozi kikahama naye.

Nilikuwa nimeolewa pale Ujiji si muda mrefu. Mume wangu, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi kwenye boti za mizigo zinazokwenda Kongo na Zambia, kwa hiyo siku zake nyingi zilikuwa za ziwani. Nyumba ilibaki ya wanawake watatu: mama mkwe, mimi, na mpangaji wetu wa chumba cha uani.

Mpangaji alikuwa Mrundi, mjane, umri wake ukimfuata mama mkwe kwa nyuma kidogo. Alivuka mpaka na wenzake vita vilipochacha kwao. Wenzake walipelekwa kambini, yeye akateremka mjini na mzigo wake kichwani, akauliza nyumba kwa nyumba kama kuna kazi. Kirundi na Kiha vinaelewana, na majirani wengi walidhani ni Muha wa milimani. Hakuwasahihisha. Kodi aliilipa kwa mikono yake, kwa kutwanga na kukamua chikichi, na alikuwa na nguvu kuliko mimi niliyekuwa kijana. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Mama mkwe akitandika mswala, mpangaji alizima redio bila kuambiwa. Mama mkwe alikuwa akimwita mwenzangu, naye akimwita dada. Mimi nilimwita mama mdogo.

Yeye ndiye aliyegundua. Asubuhi moja tulikuwa uani, mimi nikipepeta mchele, wao wakichambua chikichi kutoka kwenye mikungu. Mama mkwe alikohoa, akageuka pembeni, akatema kwenye majivu na kuyafunika kwa mguu. Mpangaji akaweka kisu chini.

"Dada, toa mguu."

"Nini?"

"Toa mguu nione ulichofunika."

Hakuna aliyekuwa akizungumza na mama mkwe namna hiyo. Hata marehemu mumewe hakuthubutu. Nilishika ungo wangu nikasubiri radi. Lakini mama mkwe alimtazama tu, kisha akauondoa mguu taratibu. Mpangaji akachutama, akapekua majivu kwa kijiti. Palikuwa na damu.

"Tangu lini?"

"Inakuja, inaondoka."

"Mume wangu naye alikuwa akifunika," mpangaji alisema. Akarudi kwenye kigoda chake, akaendelea kuchambua huku akisimulia. Mumewe alipatikana na kifua kikuu huko kwao, akapewa dawa. Baada ya muda mfupi akanenepa, akarudi shambani, akaona hana haja tena ya vidonge. Kisha vita vikaja, wakakimbia, na kifua kikamrudia wakiwa njiani. Alimzika kabla hawajafika mpakani. "Kila siku nilimuuliza, umemeza? Akasema, nimemeza. Nikaamini."

Alisimulia bila kulia na bila kuinua macho. Alipomaliza akasema, "Kesho tunakwenda hospitali."

Tulikwenda wote watatu. Mama mkwe akapewa kikopo chenye kifuniko cha kuwekea makohozi, na kingine cha kwenda nacho nyumbani aweke ya alfajiri. Majibu yalipotoka, nesi mmoja wa makamo, mwenyeji wa Katubuka, alituita kwenye chumba kidogo kilichokuwa na benchi na dirisha kubwa lililo wazi. Alimwamkia mama mkwe, akaitikiwa marahaba, kisha akamwambia bila kuzunguka kwamba ni kifua kikuu na kwamba kinapona.

Ndipo akaleta habari ya utafiti. Siku zile watafiti walikuwa wengi kwetu. Wengine walikuja kuchoma vidole vya watoto kupima malaria, wengine kuuliza mambo ya chumbani. Mama mkwe alikuwa na mazoea ya kuwakaribisha chai na kuwanyima majibu. Lakini huyu nesi hakuwa na haraka.

"Dawa ni ile ile kwa kila mgonjwa, mama," alisema. "Tunachotafuta ni njia ya kuimeza. Kundi moja litakuja hapa kila asubuhi, limeze mbele yetu. Kundi la pili litamezea nyumbani, mbele ya mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Tunataka kujua ni njia ipi inawafikisha watu mwisho."

"Na wewe unadhani ni ipi?"

"Sijui."

"Daktari wenu je?"

"Naye hajui. Angekuwa anajua tusingekusumbua."

"Sasa mimi nitakuwa kundi gani?"

"Bahasha ndiyo itakayosema. Mimi siruhusiwi kukuchagulia, wala wewe huchagui."

Mama mkwe alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Yaani mnapigia kura kifua changu."

"Ndiyo, mama. Na ukikataa hatugombani. Dawa utapata vile vile, bila bahasha."

Mpangaji akauliza kama mtu anaweza kutoka katikati. Nesi akasema anaweza, na matibabu yake yanaendelea. Mama mkwe akataka karatasi isomwe tena tangu mwanzo, ikasomwa. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko mzuri ambao sikujua kwamba anao. Nesi aliigeuza karatasi, akamwomba amwonyeshe jina linaanzia wapi. Bahasha ikafunguliwa. Ikasema nyumbani.

"Haya mama, nani atakuwa mwangalizi wako?"

Nikatengeneza mtandio wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mke wa mwanawe, mimi ndiye niliyepika, niliyefua, niliyempaka mafuta mgongoni usiku alipokosa usingizi. Mama mkwe akanyoosha kidole kwa mpangaji.

"Huyu. Anakaa kwangu."

Nesi akamwelekeza mpangaji kazi yake. Mgonjwa akishameza, afungue kinywa. Anyanyue ulimi. Mwangalizi atazame chini ya ulimi na kwenye mashavu. "Si kwamba hatumwamini mtu," nesi alisema. "Ni kwamba dawa hizi zinachosha, na mtu aliyechoka anajidanganya mwenyewe kwanza."

Njiani nikabaki nyuma yao. Mama mkwe akaliona hilo.

"Umenuna."

"Sijanuna, mama."

"Umenuna. Sikiliza, mwanangu. Kesho nikikuambia dawa siitaki, utaniambiaje?"

Nikauvuta mtandio wangu mbele.

"Utaniambia 'haya mama'. Halafu utakwenda jikoni kulia. Na huyu ataniambiaje?"

Mpangaji alikuwa ametangulia hatua chache. Akajibu bila kugeuka. "Nitakuambia fungua kinywa."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa nawasha moto. Kikombe cha maji, kimya, halafu sauti ya mpangaji: fungua, inua, vizuri. Vidonge vya mwanzo vilikuwa vingi na vingine vikubwa, na mama mkwe alivitukana kwa majina kabla ya kuvimeza. Nesi alikuwa ametuonya kwamba haja ndogo itabadilika rangi. Siku ya kwanza mama mkwe alitoka bafuni ameshika kiuno akatangaza kwamba anatoa mawese. Mpangaji akafurahi kama aliyeletewa zawadi. "Hiyo ndiyo dawa, dada. Ikiwa nyekundu ujue imo."

Ramadhani ilipoingia, nesi alimwambia mgonjwa hafungi, na shehe akamwambia hivyo hivyo. Mama mkwe hakukubali mtu yeyote amwone anakula mchana. Wakapatana kwamba atameza kabla ya alfajiri. Mpangaji, Mkristo asiyefunga, akaamka nasi kila siku ya mwezi mtukufu, akasimama mlangoni kajifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, macho yamejaa usingizi, akasema fungua. Kisha akarudi kulala. Nesi alipoelezwa kwamba mgonjwa anafunga alisikitika, lakini kwa vile dawa haikukosekana hata siku moja alituacha.

Damu nayo ilipimwa. Wakati ule mtu akiwa na kifua kikuu, watu walikwisha kumhesabu kuwa na ukimwi, na dawa za ukimwi zilikuwa hazijatufikia. Nesi alimuuliza mama mkwe kama angependa kuambiwa majibu yake au asiambiwe. Mama mkwe akasema, "Mimi nimeolewa mara moja na mume mmoja. Yeye Mungu ndiye anayejua alikuwa na wangapi. Niambie." Akaambiwa hana.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Majirani walikuwa wameanza kutukwepa. Wanawake wa ufukweni waliozoea kuchukua mawese yetu walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara, na mmoja alisema dukani, mimi nikiwapo, kwamba siku hizi bora mtu akaangie kwa mafuta ya kopo.

"Leo hii hii nitasimama barazani," mama mkwe alisema. "Nitawaambia nimepimwa na sina."

"Oya, dada," mpangaji alisema. Jambo likiwa zito, hapana yake ilitoka kwa Kirundi. "Usiseme."

"Kwa nini? Ni kweli."

"Pale benchi la hospitali mnakaa wengi. Wote wanajulikana. Wewe ukitangaza huna, kesho watamuuliza anayekaa kushoto kwako. Akinyamaza watakuwa wamepata jibu."

Mama mkwe alikuwa tayari amejifunga baibui yake. Akasimama nayo katikati ya ua.

"Mume wangu alikuwa nayo," mpangaji akaendelea, kwa sauti ya chini. "Kifua kilikuja juu yake. Alipimwa hospitali ya kwetu, akaambiwa. Majirani hawakumuuliza, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetangulia kutangaza yake. Nilimzika na heshima yake."

Nilimtazama, nikawaza swali ambalo mtu yeyote angeliwaza, nikalimeza. Mama mkwe naye alilimeza. Akavua baibui, akaitundika, akaketi kwenye kigoda. Hakusema kitu barazani siku ile wala siku nyingine yoyote. Mawese yakakaa kwenye madumu kwa muda mrefu, na maneno yakaendelea, na yeye akapita katikati yao kwenda sokoni na kurudi kichwa juu. Mimi ninasema leo kwa sababu wote waliokaa kwenye benchi lile wameshatawanyika, na wengi wao wametangulia.

Miezi ya vidonge vya mwanzo ilipokuwa inakaribia kwisha, ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi wapelekwe kambini. Mjumbe wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango. Alikuwa mtu mpole, alitutazama miguuni wakati akizungumza. Malori yangesimama uwanjani, na yeyote atakayekutwa amemficha mtu atajibu. Mtaani kwetu walikuwamo Warundi waliokwisha kuoa na kuolewa, wenye watoto wasiojua hata neno la Kirundi. Vilio vilianza kusikika siku ile ile.

"Wewe ni Muha wa Kalinzi," mama mkwe alimwambia mpangaji. "Nani atasema vingine? Kaa ndani."

"Watu wanajua, dada. Hawakusema kwa sababu hawakuulizwa. Sasa wataulizwa."

"Basi nitawajibu mimi."

"Ndiyo ninachoogopa. Watakuja kukuuliza wewe, wakupeleke ofisini ukae kwenye sakafu, na wewe unanywa dawa. Mimi naenda."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mama mkwe akatumia kila hila, akaugua ghafla, akamlaumu, akamtishia kwamba hatameza tena. Mpangaji akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Utameza."

Asubuhi ya malori alimpa dawa kama kawaida. Fungua, inua, vizuri. Kisha akaingia chumbani, akateremsha rozari kwenye msumari, akafunga nguo zake kwenye kitenge. Tulimsindikiza mpaka uwanjani. Palikuwa na watu wengi na magodoro na kuku waliofungwa miguu. Mama mkwe hakumuaga kwa maneno. Alimtengeneza kilemba kichwani, akakirudia tena kukitengeneza, mpaka askari akasema lori linaondoka.

Nesi alipokuja nyumbani kututembelea, tulimweleza. Akasema utaratibu unamruhusu mgonjwa kubadilisha mwangalizi.

"Nitajiangalia mwenyewe," mama mkwe alisema.

"Hiyo haimo, mama."

"Basi andika huyu." Akanionyesha mimi kwa kidevu, kama mtu anayechukua kilichobaki sokoni.

Nikawa mwangalizi. Sijui kama vijana wa leo wataelewa ugumu wa kazi ile. Kwa mama mkwe wangu sikuwahi kupokea kitu kwa mkono mmoja. Sikuwahi kukaa juu ya kiti yeye akiwa chini. Akila, sikumtazama mdomoni. Nitawezaje kumwambia mtu huyo afungue kinywa na anyanyue ulimi, nimchungulie kama ng'ombe wa mnadani? Nilimletea vidonge kwenye kisahani, nikapiga goti, nikainamisha macho. Nikasikia maji yakishuka kooni. Nikasema "ahsante mama", nikaondoka.

Na vidonge vyenyewe vilikuwa vimebadilika. Awamu ya pili ilikuwa ndefu zaidi lakini vidonge vichache, na havikugeuza rangi ya kitu chochote. Mama mkwe hakuviheshimu. "Dawa gani hii," alisema. "Haina hata rangi." Kikohozi kilikuwa kimekwisha, mashavu yamejaa, amerudi kwenye pipa lake la chikichi. Kila alichokiona kilimwambia amepona.

Siku moja nilikuwa namwagilia rihani tuliyoipanda karibu na bafu. Kwenye udongo, chini ya majani, nikakuta vidonge vimevimba kwa maji kama punje za wali. Vingine vilikuwa vimeshayeyuka, vimeacha weupe tu. Nilisimama pale na kopo mkononi. Nilisikia hofu kwanza, hasira baadaye, na chini ya hivyo vyote huzuni, kwa sababu nilijua hasira yake haikuwa juu ya vidonge. Alikuwa anamgomea aliyepanda lori.

Sikumwambia nilichokiona. Nilimwambia, "Mama, twende tukamtazame mama mdogo."

"Lini?"

"Ukiwa tayari."

"Mimi niko tayari tangu siku ile."

Ilichukua siku kadhaa kupata kibali cha kuingia kambini. Tukabeba dagaa, dumu la mawese na chumvi, nami nikatia pakiti ya dawa kwenye mkoba. Tulipanda gari dogo la wachuuzi wa maharage lililokuwa likipanda kuelekea Kasulu, mama mkwe mbele kwa dereva, mimi nyuma na magunia. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka kucha.

Tulimkuta mpangaji wetu mbele ya kijumba cha matope kilichoezekwa kwa turubai, katika mstari mrefu wa vijumba vilivyofanana. Alikuwa amekwisha kulima kipande cha ardhi kisichozidi mkeka, maharage yakichomoza. Alipotuona aliacha jembe lianguke. Walikumbatiana, wakaachana wakatazamana, wakakumbatiana tena. Alimgusa mama mkwe mashavu, akamgusa mabega. "Umenenepa," akasema, na niliona uso wake ukibadilika. Akanigeukia mimi.

"Anameza?"

Nikatazama miguu yangu.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Mama mwenyewe yupo," nilisema.

"Yeye simuulizi. Niliwahi kumuuliza mgonjwa, kila siku nilimuuliza. Nakuuliza wewe."

Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana mbele ya mama wa mume wangu. Kimya changu kikamtosha. Mama mkwe akaanza kujitetea. Alikuwa amepona, hakohoi, hakosi pumzi akilala, na vidonge vya sasa ni vya kudanganyia watoto. Mpangaji hakumjibu. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha maji.

"Za leo ziko wapi?"

Nikazitoa mkobani nikampa.

"Oya. Usinipe mimi. Mpe yeye."

Nikampa mama mkwe. Akazipokea, akatazama kikombe, akazitia kinywani, akanywa maji.

"Sasa mwambie," mpangaji akaniambia.

"Nimwambie nini, mama mdogo?"

"Unajua."

Palikuwa na mwanamke jirani anayeosha sufuria, akaacha kuosha. Mama mkwe alikuwa amefumba midomo, ananitazama mimi, na macho yake hayakunisaidia. Nikasema, "Mama, fungua kinywa." Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma kwa siri.

"Hajasikia," mpangaji alisema.

"Mama, naomba ufungue kinywa."

Akafungua. Nikasogea. Ilinibidi nimshike kidevu ili nione vizuri, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Magego ya upande mmoja yote hayakuwapo, na nilikuwa nimekula naye sahani moja muda wote ule bila kujua. Nikamwomba anyanyue ulimi, akanyanyua. Kidonge kimoja kilikuwa pale chini, kimekaa kama kilivyotiwa.

"Bado kimoja, mama," nikasema.

Akaniangalia. Kisha akanyoosha mkono kuomba maji, akakimeza, na safari hii akafungua kinywa mwenyewe kabla sijasema, akakipanua mpaka macho yakafumba.

"Vizuri," nilisema.

Mama mkwe akaketi kwenye kizingiti, akaanza kulia. Akamwambia mpangaji, "Uliniacha na mtoto anayeniheshimu kupita kiasi. Ningekufa kwa heshima." Mpangaji akaketi karibu naye, wakabanana kwenye kizingiti kile chembamba, na huku machozi yanawatoka wote wawili wakaanza kucheka. Mimi nikaenda kwa yule jirani kumsaidia sufuria, kwa kuwa sikujua pa kujiweka.

Tulirudi, na tangu kesho yake nilisimama mbele ya mama mkwe badala ya kupiga goti. Baadaye ikawa kama kumwuliza anataka chai ya maziwa au ya rangi. Nilimweleza nesi habari ya vidonge vya kwenye rihani, kwa ruhusa ya mama mkwe mwenyewe aliyesema, "Mwambie, asije akaandika uongo kwa sababu yangu." Nesi hakukasirika. Alichukua makohozi upya, akaongeza muda wa dawa, akaandika yote kama tulivyoyasema. Makohozi yalikuwa safi. Yakapimwa tena mwishoni, yakawa safi tena.

Siku tulipomaliza nilimuuliza nesi njia ipi imeshinda, ya hospitali au ya nyumbani. Akasema hesabu zinafanyiwa kwingine, nao wanasubiri kama sisi. Baadaye akahamishwa, na sikupata kusikia. Ila miaka mingi mbele, jirani yangu alipougua kifua na kupelekwa kwenye kituo cha afya cha Gungu, walimwambia achague mtu wa nyumbani wa kumwangalia akimeza. Hapakuwa na bahasha. Alikuja kwangu kuniuliza amchague nani. Nikamwambia asimchague anayempenda sana, amchague asiyemwogopa.

Tulikwenda kambini mara nyingi kadiri vibali vilivyoruhusu. Kwao kulipotulia, mpangaji akarudishwa na wenzake kupitia mpaka wa Manyovu, akapata sehemu ya shamba la marehemu mumewe, si lote. Kwa muda mrefu habari zake zililetwa na wafanyabiashara wa maboti: yuko mzima, amejenga, amepata ng'ombe. Kisha simu za mkononi zikaenea, na siku moja nambari ngeni ikaita.

"Mwanangu, ni mimi."

Niliijua sauti kabla hajamaliza. Mama mkwe alikuwa ametuacha miezi michache nyuma, nami nilikuwa sijapata njia ya kumfikishia taarifa. Nilimwambia pale pale, nimesimama sokoni na kapu langu.

"Kifua?" akauliza.

"Hapana, mama mdogo. Presha, na uzee. Alilala mchana hakuamka."

"Hakukohoa?"

"Hakukohoa."

Nikasikia anapumua. Akasema jambo kwa Kirundi ambalo lilikuwa sala, maana nililisikia jina la Mungu ndani yake. Kisha akaniuliza habari za wanangu, mmoja mmoja, na nikaanza kumweleza tangu mkubwa.